Ubao mama mdogo na barabara ya Nakivale

Katika vijarida vya wauzaji, ubao mama mdogo hupimwa kwa milimita: 170 kwa 170, 100 kwa 72, 85 kwa 56. Vipimo hivyo vina maana kwa mtu anayebuni roboti au kifaa cha kuvaa, ambako kila sentimita inagombewa. Kwa mtu anayetaka kufunga kompyuta katika zahanati, shule au kituo cha maji ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nafasi haina shida, ukuta upo. Kinachogombewa ni wati za sola, volti zinazofika mwisho wa waya, na muda wa kupata bodi nyingine pale ya kwanza inapokufa. Naamini hayo matatu, kwa sehemu kubwa, huamuliwa na umbo la bodi lililochaguliwa siku ya kwanza, na mara nyingi mchaguzi ni mtu ambaye hajawahi kupita barabara ya kwenda huko.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo, na Kiswahili kinasikika sokoni kuliko watu wa mbali wanavyodhani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri. Kwa hiyo mafundi wana vibanda vyao, na vipuri vinapanda gari Mbarara vikafika siku hiyo hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioichunguza Nakivale mwaka 2013 walionyesha jinsi biashara za humo zilivyofungamana na Mbarara na Kampala. Mbarara yenyewe, jiji rasmi tangu Julai 2020, ina hospitali ya rufaa, ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, na ina mitaa ya maduka ya vifaa vya umeme. Kipuri kisichopatikana hapo kinatafutwa Kampala, kilomita zipatazo 270. Kisichopatikana Kampala kinaagizwa ng'ambo, na hapo hesabu ya siku inageuka kuwa hesabu ya wiki.

Umbo la ubao mama ni ahadi. Linasema matundu ya skrubu yako wapi, soketi zinatazama upande gani, umeme unaingia kwa volti ngapi. Bodi mbili za viwanda tofauti zikitimiza ahadi moja, moja inaweza kukaa mahali pa mwenzake bila kisanduku kutobolewa upya. Intel ilipotangaza ATX mwaka 1995, milimita 305 kwa 244, ilitoa ahadi ya namna hiyo kwa kompyuta za mezani, na ndiyo sababu fundi wa Mbarara leo anaweza kutoa bodi ya mtengenezaji mmoja na kuweka ya mwingine ndani ya kasha la zamani. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilileta Mini-ITX, milimita 170 kila upande, ikaacha matundu manne mahali yalipokuwa kwenye ATX. Uamuzi huo mdogo ndio umeifanya Mini-ITX idumu hata baada ya VIA yenyewe kufifia sokoni. Nano-ITX iliyofuata, milimita 120 kila upande, haikupata watengenezaji wengi. Pico-ITX ya mwaka 2007, milimita 100 kwa 72, imepata makazi yake viwandani.

Kabla ya hizo kulikuwa na PC/104, ambayo naiona kuwa umbo lililofikiriwa vizuri kuliko mengi yaliyoifuata. Kampuni ya Ampro ya Marekani iliianza mwaka 1987, na mwaka 1992 muungano wa watengenezaji ukaifanya kiwango cha wote. Bodi ina milimita 90 kwa 96 na pini 104, ndipo jina lilipotoka. Bodi hizi hubebana kama masufuria kabatini: ya kompyuta chini, ya sensa juu yake, ya umeme juu zaidi, zikifungwa kwa skrubu pembe nne. Hakuna kadi inayochomoka gari likipita kwenye mashimo. Kilichoizuia kusambaa kwetu ni bei, kwa kuwa soko lake lilikuwa jeshi, reli na migodi.

Sasa hesabu ya umeme. Sehemu kubwa ya Nakivale inaishi kwa sola na betri, hivyo tuchukue betri ya kawaida ya asidi, volti 12, ampea-saa 100. Kwenye karatasi ina wati-saa 1,200. Ukitaka isife mapema usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta ya mezani inayokula wati 80 ikiwashwa mchana na usiku inahitaji wati-saa 1,920, zaidi ya betri tatu za namna hiyo kwa siku moja. Bodi ya Mini-ITX yenye prosesa ya kiasi, tuseme wati 20, inahitaji 480, nayo inaingia kwenye betri moja ilimradi jua lisikose. Bodi ya ukubwa wa kadi ya benki inayokula wati 4 inahitaji 96. Betri ile ile inaibeba siku sita. Katika miezi ya masika, mawingu yakikaa siku tatu mfululizo juu ya Isingiro, tofauti ya 480 na 96 ndiyo inayoamua kama zahanati itafungua daftari lake asubuhi au itarudi kwenye karatasi.

Uganda iliijua hesabu hii mapema kuliko nchi nyingi. Shirika la Inveneo kutoka San Francisco lilifunga mtandao wake wa kwanza magharibi mwa nchi, huko Bukuuku karibu na Fort Portal, mwaka 2005, kwa kompyuta zilizotengenezwa kula umeme kidogo. Mwaka 2007 Jimbo Kuu Katoliki la Gulu lilianza mradi wa BOSCO katika kambi za watu waliokimbia vita vya kaskazini, na neno betri limo katika jina kamili la mradi huo. Waliojenga mitandao ile walianza na paneli, wakaja kwenye betri, na kompyuta ikawa jambo la mwisho. Utaratibu huo naona umesahaulika tangu bodi zilipokuwa rahisi kununua.

Zilianza kuwa rahisi tarehe 29 Februari 2012, Raspberry Pi ilipotoka Uingereza kwa dola 35. Hakuna umbo dogo lililofika mbali kama hilo, milimita 85 kwa 56. Programu za kusomea bila intaneti, kama Kolibri na RACHEL, zinakaa humo bila taabu. Shule ikiwa na bodi moja, memori kadi na ruta, wanafunzi wanafungua vitabu na video kwa simu bila kununua bando. Katika mradi wa vituo vya hali ya hewa wa WIMEA-ICT, ulioviunganisha vyuo vikuu vya Makerere, Juba na Bergen pamoja na taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, sensa zilipeleka vipimo vyake kwa Raspberry Pi, nayo ikavituma mbele. Mwanafunzi wa uhandisi Mbarara leo ana uwezekano mkubwa wa kuandika programu yake ya kwanza ya kuendesha kifaa juu ya bodi hii kuliko nyingine yoyote. Naisifu kwa moyo wote kwa jambo hilo.

Hata hivyo ilibuniwa kwa mtoto aliyekaa mezani Uingereza, penye umeme usiokatika na intaneti isiyozimika. Ikifika Nakivale inaonyesha upungufu wa namna tatu.

Wa kwanza ni volti 5. Betri ya sola inatoa 12, hivyo lazima kuwe na kifaa cha kushusha, na baada yake kuna kebo. Bodi ikivuta ampea 2 kupitia kebo nyembamba yenye ukinzani wa omu 0.2, kwenda na kurudi, inapotea volti 0.4, zinafika 4.6. Raspberry Pi huanza kulalamika volti zikishuka chini ya 4.63. Inapunguza kasi, au inazima na kujiwasha yenyewe, na mwalimu anaambiwa programu ni mbovu. Wati zile zile 10 zikipita kwa volti 12 katika kebo ile ile, hasara haifiki volti 0.2, na hakuna atakayeitambua. Kebo nzuri na fupi ni dawa, lakini kebo ndiyo kitu cha kwanza kuazimwa kuchajia simu, na inayorudishwa siyo ile iliyoondoka.

Wa pili ni memori kadi. Mfumo wote wa bodi unakaa humo, na umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, faili huharibika. Mafundi wengi hujibu kwa kubeba kadi ya akiba iliyonakiliwa. Jibu la kudumu ni kuupanga mfumo usiandike kitu kwenye sehemu yake kuu, na data iwekwe kwingine. Kazi hiyo inachukua mchana mmoja kwa anayejua. Katika miradi mingi hakuna aliyelipwa kwa mchana huo.

Wa tatu ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu hauonekani. Raspberry Pi, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, haina saa yake ya ndani yenye betri. Ikiwa na intaneti inauliza saa mtandaoni. Isipokuwa nayo, inaanza pale ilipoishia ilipozimwa. Bodi iliyozimwa Ijumaa jioni na kuwashwa Jumatatu itaandika Ijumaa jioni. Kwa video za shule haidhuru. Kwa friji ya chanjo inayorekodiwa joto, au kwa mahudhurio ya kliniki, kumbukumbu zote zinasogea na hakuna anayejua zimesogea kwa kiasi gani. Kisaa kidogo cha DS3231 chenye betri ya kitufe kinatatua jambo hili kwa bei ndogo, na bodi ya tano, ya mwaka 2023, imewekewa saa ingawa betri yake unanunua kando. Bado naona miradi ikiagiza bodi, kasha na chaja, bila saa.

Bodi za viwandani zimeyajibu mengi ya hayo. Zile za milimita 146 kwa 102, ambazo wauzaji huziita za inchi 3.5, na za Pico-ITX huja na saa, na nyingi zina hifadhi iliyochomelewa. Lakini hapo pia soma karatasi ya kiwanda kwa makini. Bodi iliyoandikwa volti 12 tu mara nyingi inavumilia asilimia 5 au 10 juu na chini, wakati betri ya sola hushuka hadi 11 usiku na kupanda hadi 14.4 inapochajiwa mchana. Ile ya asilimia 5 inaishia 12.6, kwa hiyo jua kali la saa saba mchana linaweza kuiua. Inayofaa imeandikwa volti 9 hadi 36. Maandishi hayo madogo yana thamani kubwa Nakivale kuliko kasi ya prosesa, na ndiyo niliyojifunza kuyatafuta kwanza. Ruta nyingi za MikroTik ya Latvia zinapokea volti za upana wa namna hiyo, na sioni ajabu kwamba wajenzi wa mitandao ya vijijini huzipenda.

Zipo kazi nyingi ambazo hazihitaji kompyuta kamili. Vipimo vya hewa vya AirQo, vilivyoanza kubuniwa Makerere mwaka 2015, vinaendeshwa na maikrokontrola na kutuma data kwa laini ya simu. Bodi ya Raspberry Pi Pico, milimita 51 kwa 21, ilitoka mwaka 2021 kwa dola 4. Moduli ya ESP32 kutoka Shanghai, milimita 25.5 kwa 18, ina Wi-Fi ndani, na chipu yake ikilala inavuta sehemu chache tu za milioni za ampea, hata betri ya ukubwa wa kidole inaihudumia miezi mingi. Mbarara ni nchi ya maziwa ya ng'ombe, na kila kituo cha kukusanyia kina tangi la kupozea ambalo joto likipanda juu ya nyuzi 4 kwa muda mrefu jasho la wafugaji linamwagwa. Kuangalia tangi hilo na kutuma ujumbe wa simu ni kazi ya maikrokontrola. Anayefunga Raspberry Pi hapo anaongeza memori kadi ya kuharibika na mfumo mzima wa kusasishwa, kwa kazi ya kupima namba moja.

Nyumbani mwa watu Nakivale, kompyuta ndogo iliyo ya kawaida kabisa ni ile isiyoonekana: bodi ndani ya kisanduku cha sola kinacholipiwa kidogo kidogo kwa simu. M-KOPA ilianza Kenya mwaka 2012, na Fenix ikafanya biashara ya aina hiyo Uganda. Ndani ya kisanduku kuna bodi inayohesabu siku zilizolipiwa na kukata taa zikiisha. Umbo lake ni la kampuni peke yake. Deni likiisha na bodi ikafa, paneli nzima na betri yenye uhai vinaweza kukaa bure kwa sababu ya kipande cha ukubwa wa kiganja ambacho hakuna duka linalokiuza. Ningependa wanaodhibiti biashara hii wadai kwamba kisanduku kilichokwisha kulipiwa kiweze kupitisha umeme hata ubongo wake ukifa. Ni waya mbili na swichi.

Upatikanaji nao umetufundisha. Kati ya 2021 na 2023 chipu ziliadimika duniani, Raspberry Pi zikakosekana madukani, na mtengenezaji akawatanguliza wateja wa viwanda. Mwaka 2023 PC Engines ya Uswisi, ambayo bodi zake za APU zilipendwa sana na wajenzi wa ruta, ilitangaza kuacha kuzitengeneza. Mwaka huo huo Intel iliacha kutengeneza kompyuta zake ndogo za NUC, ikaikabidhi ASUS. Aliyefunga kazi yake kwenye bodi ya kampuni moja alikwama kila mara. Aliyetumia Mini-ITX alikwenda kwa kampuni ya pili.

Ipo hoja nzito dhidi yangu, na inatoka kwa mafundi wenyewe: nunua kompyuta mpakato iliyotumika. Ina betri yake, skrini yake, saa yake, na inapatikana Mbarara leo. Kwa zahanati inayohitaji mtu wa kuchapa, nakubali bila ubishi. Lakini bodi ya mpakato haina ahadi ya umbo hata kidogo. Ikifa unatafuta modeli ile ile, na kwa kifaa kinachopaswa kufungwa ndani ya sanduku juu ya mlingoti, haifai.

Kwa hiyo naelekea upande wa moduli. Wazo ni kuigawa kompyuta vipande viwili. Prosesa na memori, ambavyo ni vigumu kuvibuni, vinakaa kwenye kibodi kidogo cha kununua. Umeme, soketi na sensa vinakaa kwenye bodi kubwa rahisi, bodi mchukuzi, inayobuniwa na mwenye kazi. ETX ilianza hivyo karibu na mwaka 2000. COM Express ikafuata mwaka 2005. Qseven ya milimita 70 kwa 70 mwaka 2008. SMARC ya milimita 82 kwa 50 mwaka 2013. Hizo mbili za mwisho ziko chini ya chama cha SGET cha Ujerumani, na watengenezaji wengi wanazitimiza, ingawa bei huwa juu. Raspberry Pi ina moduli yake. Ile ya mwaka 2020 ina milimita 55 kwa 40, na kampuni iliibadilisha umbo kutoka lile la mwaka 2014 bila kuhitaji ruhusa ya mtu. Hapo ndipo inapotofautiana na kiwango cha wengi. Lakini moduli ya mwaka 2024 imebaki na umbo la 2020, na bei yake inafikika.

Bodi mchukuzi iko ndani ya uwezo wa Mbarara. Chuo kinafundisha uhandisi wa umeme na wa vifaa tiba, programu ya KiCad ya kuchora bodi ni ya bure, na viwanda vya Shenzhen vinachapa bodi chache kwa bei ambayo idara inaweza kuimudu. Ingebuniwa mara moja: inapokea volti 9 hadi 36, ina saa yenye betri ya kitufe, ina vibanio vya skrubu badala ya soketi ya simu, ina fyuzi inayobadilishwa kwa mkono, na matundu yake yanakaa kwenye kasha lolote la Mini-ITX. Mchoro ungeachwa wazi. Mashirika yanayofanya kazi Nakivale yangeandika katika zabuni zao kwamba kila kifaa kije na mchoro wa bodi mchukuzi, orodha ya vipuri, na moduli moja ya akiba iliyowekwa Mbarara badala ya Geneva. Moduli ikizeeka inang'olewa, mpya inabanwa mahali pake, na kisanduku, waya na sensa vinabaki.

Kuhusu kiwango kipya kabisa, OSM cha SGET, sijakata shauri. Moduli zake ni ndogo mno, kuanzia milimita 30 kwa 15 hadi 45 kwa 45, na zinachomelewa moja kwa moja kwenye bodi kwa miguso kati ya 188 na 662, bila soketi. Wahandisi wengi wangesema kitu cha namna hiyo hakitengenezeki kijijini. Fundi wa simu katika soko la New Congo, humo humo Nakivale, mwenye mashine ya hewa moto na darubini ya mezani, hung'oa na kurudisha chipu zenye miguso myembamba kuliko hiyo ndani ya simu za wateja. Kabla ya mtu yeyote kuamua kwa niaba yake, apewe moduli mbili na bodi tatu mbovu za kujaribia.